Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa hebaria: ondoeni nukta ile ya katikati

Kwa Mkurugenzi,
Hebaria ya chuo kikuu, Utah, Marekani.

YAH: KUMBUKUMBU ZA *COLEOGYNE RAMOSISSIMA*

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kunakili, kutoka kwenye picha, lebo za mimea mikavu mnayoihifadhi hapo hebaria. Juzi usiku nilifungua karatasi moja iliyobandikwa sampuli ya *Coleogyne ramosissima*, kichaka cha nchi kavu: kijitawi cha kijivu kilichochongoka nchani kama mwiba, maua machache ya njano yaliyogeuka rangi ya chai, na pembeni bahasha ya vijani vilivyopukutika. Lebo, iliyopigwa taipu, inataja Kaunti ya San Juan, mwamba mwekundu juu ya mto. Basi.

Ajabu, kwenye kanzidata yenu karatasi hiyohiyo ina latitudo na longitudo, kila moja na tarakimu sita za desimali. Huo ni usahihi wa sentimita kumi hivi! Nikafuata ramani, nukta ikaangukia katikati ya kaunti, mto wenyewe hauonekani. Kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, yaani zaidi ya robo tatu ya Rwanda. Ni kama kuambiwa fulani anakaa Rwanda, nawe ukaenda kupiga hodi kwenye nyumba iliyo katikati ya nchi.

Nchi ya makorongo haisamehe kosa la namna hiyo. Ukisogea mita mia tu umetoka ukingoni na kushuka bondeni, kwenye udongo mwingine na mimea mingine. Na kichaka chenyewe hakina haraka ya kurudi. Moto ukipita, mara nyingi hakichipui kutoka shinani. Nyasi vamizi zilizotoka Ulaya na Asia hujaza nafasi yake, zikikauka zinawaka tena. Wanaotafuta mbegu za kurudishia vichaka huanzia kwenye kumbukumbu kama zenu, na mbegu zenyewe hazizai kwa wingi kila mwaka. Mkiwapeleka kusiko, msimu umekwenda.

Halafu kuna Glen Canyon, korongo la Mto Colorado. Bwawa lilianza kuzuia maji mwaka 1963, na sehemu walizopita wakusanyaji wa zamani zikazama. Miaka ya karibuni ziwa la bwawa hilo limeshuka na kingo zinajitokeza tena. Kujua kilichoota pale kabla ya maji, maneno ya lebo hayana mbadala.

Ombi langu si la fedha. Maneno ya lebo yaachwe yalivyo. Nukta ikikisiwa, iandikwe kuwa imekisiwa, nani alikisia, na huenda imekosea kwa kilomita ngapi. Ikishindikana, acheni wazi.

Niliandika maoni chini ya karatasi ile. Nukta bado ipo palepale. Nikiruhusiwa, nitapitia karatasi zote za San Juan, jioni nikitoka kazini.

Wako,
Mnakili wa kujitolea