Mkataba wa tovuti usiishie siku ya makabidhiano

Mhariri,

Tovuti ya taasisi ikivamiwa, tunaambiwa mambo mawili tu: wadukuzi wameshambulia, na mafundi wanalishughulikia. Hatuambiwi wamepitia wapi, wala upenyo huo ulikuwepo tangu lini. Naandika kwa sababu mara nyingi upenyo wenyewe unajulikana, umepewa namba, na marekebisho yake yametolewa bure muda mrefu kabla ya uvamizi.

Chukua Drupal, programu ya kuendeshea tovuti inayotumiwa na vyuo na mashirika mengi duniani. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa Archive_Tar. Hakikuandikwa na watu wa Drupal. Kimetoka kwenye mradi wa PEAR, hazina ya vipande vya PHP, lugha ya kompyuta ambayo Drupal imeandikwa kwayo, na kazi yake ni kufungua mafurushi ya tar, yaani mafaili mengi yaliyofungwa pamoja. Kwenye mfumo wa Linux furushi kama hilo linaweza kubeba pia simlinki, faili lisilo na kitu ndani ila anwani ya mahali pengine kwenye diski. Ukiandika kupitia simlinki, maandishi yanakwenda kule inakoelekeza.

Mshambuliaji huandaa furushi lenye vitu viwili. Cha kwanza ni simlinki yenye jina la kawaida, tuseme "picha", inayoelekeza kwenye folda ya programu yenyewe ya tovuti. Cha pili ni faili linaloitwa "picha/karibu.php". Programu hufungua furushi kwa mpangilio: inaiweka simlinki, kisha inalipeleka lile faili ndani ya "picha", nalo linatua mahali ambapo mgeni hakupaswa kugusa kabisa. Wengi wamezoea kuzuia hila hizi kwa kutafuta nukta mbili na mkwaju (../) ndani ya majina ya mafaili, alama za kupandia folda ya juu. Hapa alama hizo hazipo. Ni sawa na askari wa getini anayesoma jina la mgeni kwenye daftari bila kuuliza anakwenda kwa nani.

Mshambuliaji anahangaika kutoka nje ya folda ya kupakilia kwa sababu Drupal huweka humo faili la .htaccess linaloizuia seva ya Apache isiendeshe msimbo wa PHP. Karibu.php ikibaki humo ni maandishi tu. Ikivuka, ni programu inayotii amri za mtu asiyejulikana.

Udhaifu huu, uliopewa namba CVE-2020-36193 kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, ulitangazwa na Drupal tarehe 20 Januari 2021 pamoja na matoleo yaliyorekebishwa: 9.1.3, 9.0.11, 8.9.13 na 7.78. Miezi miwili kabla yake, tarehe 25 Novemba 2020, kipande hicho hicho kilikuwa kimerekebishwa kwa kosa jingine: kilizuia neno "phar", linaloashiria furushi la PHP linaloweza kubeba msimbo hatari, kwa herufi ndogo, lakini "PHAR" kwa herufi kubwa likapita. Tarehe 21 Julai 2021 yakaja marekebisho ya tatu, ya udhaifu CVE-2021-32610, kwa sababu simlinki bado zilikuwa na njia ya kutoka nje. Miezi minane, marekebisho matatu, kipande kimoja. Aliyesasisha Novemba akatulia, Januari alikuwa wazi. Aliyesasisha Januari akatulia, Julai alikuwa wazi tena.

Sisemi hivi kuilaumu Drupal. Walitangaza hadharani, wakatoa dawa siku hiyo hiyo, wakaeleza pia kwamba hatari ipo pale tovuti inaporuhusu kupakia mafurushi ya tar na kuyafungua. Kinachonisumbua ni sisi tunaopokea tangazo hilo. Agosti 2022, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, CISA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia usalama wa mitandao, uliuingiza udhaifu wa Januari kwenye orodha ya ule unaotumiwa kweli na washambuliaji. Kuna tovuti zilikuwa bado zinasubiri.

Najua zinavyosubiri. Kuna chuo niliitwa kukiangalizia tovuti. Ukurasa wa ripoti za hali ulikuwa mwekundu juu mpaka chini, na mkuu wa kitengo akaniambia kwa dhati kabisa kwamba hawakuwahi kupata onyo lolote. Maonyo yalikuwa yanatumwa. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa kuyapokea ilikuwa ya kijana aliyekuja pale kwa mafunzo kwa vitendo, akamaliza akaondoka. Kampuni iliyotengeneza tovuti nayo ilikuwa imeshalipwa, imekabidhi, imepiga picha na wakubwa. Nilipouomba mkataba niusome, nilikuta aya ndefu za rangi, nembo na idadi ya kurasa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema nani atasasisha programu baada ya hapo. Kwa mkataba ule hakuna aliyekosea pale.

Na tovuti ile ilikuwa inapokea vyeti vya waombaji, namba zao za simu na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sioni atakavyozilinda mtu asiyejua hata toleo la programu anayotumia.

Kasi nayo ni jambo zito. Matangazo ya Drupal hutoka Jumatano, mchana kwa Marekani, usiku kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2014 ulitangazwa udhaifu mwingine mkubwa kuliko huu ninaouzungumzia, na wiki mbili baadaye Drupal wenyewe wakasema kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe imeshaingiliwa. Kwa saa za Afrika Mashariki muda huo uliisha saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi. Fundi aliyefika ofisini saa mbili asubuhi, tena mwenye bidii, alikuwa amechelewa. Na Drupal 7 imeacha kupata huduma ya usalama tangu tarehe 5 Januari 2025, lakini nazikuta bado zinafanya kazi.

Mengine ya kufanya ili kujilinda ni madogo, na yanawezekana leo. Mwombaji wa chuo hana sababu ya kupakia furushi la tar. PDF na picha zinamtosha, kwa hiyo aina nyingine zifungwe. Akaunti inayoendesha seva ya wavuti isipewe ruhusa ya kuandika kwenye folda za programu, iandike kwenye folda ya kupakilia peke yake. Hapo hata simlinki ikifanikiwa kuelekeza kule, faili litakataliwa na mfumo wenyewe. Hili halina gharama yoyote zaidi ya nusu saa ya fundi, lakini kwa uzoefu wangu ndilo linalorukwa kuliko yote, kwa sababu ruhusa zikilegezwa kila kitu kinafanya kazi haraka siku ya uzinduzi.

Ombi langu ni kwa wakuu wa taasisi na maofisa ununuzi wanaoandaa bajeti za kuanzia Julai. Msisaini mkataba wa tovuti usio na kifungu cha matengenezo kinachotaja kwa jina la cheo nani anapokea matangazo ya usalama, ana saa ngapi za kusasisha, na analipwa kiasi gani kwa mwezi. Anwani ya kupokelea iwe ya ofisi, isiwe ya mtu. Na kwa tovuti zilizopo tayari, mtu mmoja afungue ukurasa wa ripoti za hali wiki hii, asome toleo lililoandikwa pale, na alipeleke kwa maandishi kwa mkuu wake.

Msimamizi wa tovuti,
Morogoro