Dakika za tiketi ya benki si za kila mteja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotukera wengi hapa Lubumbashi kila mwisho wa mwezi, hasa sisi walimu na watumishi wengine wa serikali tunaopokea mishahara kupitia benki. Benki moja ya mjini hutoa tiketi yenye namba pamoja na makadirio ya muda wa kungoja. Makadirio hayo hayatimii, na kosa haliko kwa watu wa dirishani, ambao ndio hutukanwa, bali liko katika hesabu yenyewe.

Inavyoonekana, mashine huangalia walio mbele yako, muda wa kumhudumia mteja mmoja na idadi ya madirisha, basi. Tuseme madirisha ni matatu, kila mteja huchukua dakika 6 kwa wastani, na wanaongoja mbele yako ni 12. Kwa wastani mteja mmoja huondoka kila baada ya dakika 2, kwa hiyo wewe uliye wa 13, zamu yako ingefika baada ya dakika 26 hivi, kama foleni ingekuwa moja. Lakini foleni ni mbili: wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na wale wanaoitwa wateja wakubwa hupewa tiketi ya herufi nyingine, nao huitwa kwanza hata wakiingia mlangoni nusu saa baada yako. Mashine huwahesabu waliokwisha kufika, haiwahesabu watakaokuja. Wakija 9 kwa saa, huchukua asilimia 30 ya uwezo wa madirisha yote, hivyo zile dakika 26 hugawanywa kwa 0.7 na kuwa 37. Wakija 15 kwa saa, zinakuwa 52.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang wa Denmark alitoa kanuni ya kukadiria kungoja katika vituo vya simu vyenye laini nyingi, na mwaka 1954 Alan Cobham akaonyesha namna ya kukadiria kwa kila daraja la wanaongoja. Kwa kanuni hizo, madirisha hayo matatu yakipokea watu 27 kwa saa, 9 kati yao wakiwa wa kipaumbele, mwenye kipaumbele hungoja dakika 2 na kidogo, mteja wa kawaida hungoja zaidi ya 23, na wastani wa wote ni 16. Wastani huo hauna mwenyewe ukumbini. Ungebaki 16 hata kipaumbele kikiondolewa, kwa kuwa kipaumbele hakipunguzi dakika, kinazihamisha tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Sipingi mama mjamzito kutangulia. Naomba tu kwamba tiketi ya kawaida ikadiriwe kwa uwezo unaobaki baada ya wenye kipaumbele, tena iandikwe kwa kiasi, mathalani dakika 30 hadi 45, badala ya namba moja inayojifanya kuwa na uhakika. Wenye akaunti kubwa wangeweza kupewa miadi nje ya siku za mishahara. Na dirisha moja likifungwa mchana, mashine iambiwe papo hapo: madirisha mawili huhudumia watu 20 kwa saa, na wakija 27 foleni huongezeka kwa watu 7 kila saa, hali ambayo hakuna makadirio ya tiketi yanayoweza kuimudu.

Mwalimu wa hisabati,
Kamalondo, Lubumbashi