Barua kwa mwanangu: kiwanda kiko umbali gani na bahari?

Tabora, Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Sisi hatujambo. Presha ya mama yako imetulia tangu ulipopiga simu ile Jumatano jioni, ingawa dawa amezipunguza kwa akili zake mwenyewe na hataki kuulizwa.

Siku yenyewe uliiona kwa macho yako, sina haja ya kukusimulia. Ujue tu huku ilikuwaje. Alfajiri redio inasema tetemeko la 8.8 limepiga Kamchatka kule Urusi, na Japani imetoa onyo la tsunami pwani yote ya Pasifiki, kuanzia Hokkaido mpaka Wakayama. Nikachukua atlasi ya mdogo wako. Shizuoka, mkoa wenu, iko katikati. Nikapiga simu yako, ya mume wako, yako tena. Mpaka jua linazama kwetu ndipo unapiga wewe, unacheka, unasema maji yaliyopanda sana yalikuwa mita 1.3, tena mbali huko Kuji, Iwate. Nimefurahi kwamba ulicheka. Lakini nilikuuliza swali moja na hukulijibu, ukahamia kwenye habari za joto. Hicho kiwanda cha vyakula unachofanyia kazi kiko umbali gani na bahari?

Nyumba yenu haininyimi usingizi. Mume wako alinieleza kwamba Johoku, pale chuoni kwake, ni kaskazini mwa stesheni, mbali na maji. Nakubali. Ila picha za mwezi wa tano, za vishada vikubwa kwenye mchanga wa ufukwe wa Nakatajima, uliandika chini yake kwamba mlitoka kazini mkaenda kwa baiskeli. Mimi ni mzee lakini si mjinga. Mtu aliyetoka zamu ya usiku haendeshi baiskeli mbali. Kwa hiyo kiwanda kiko karibu, na wewe unajua kiko karibu, ndiyo maana unanizungusha.

Mkwe wangu ananiambia nisihofu, kuna ukuta wa kilomita 17.5 umejengwa ufukweni baada ya yale maafa ya tsunami ya 2011. Nampenda kijana huyu, na siku hizi nasema hivyo mbele za watu. Lakini nimekula mkate wa reli maisha yangu yote. Kati ya Kilosa na Gulwe tumepanga mataruma, tumemwaga kokoto, tumeshindilia tuta likawa imara, na mvua ya usiku mmoja ikaondoka nalo reli zikabaki zinaning'inia. Ukuta ni mzuri kwa sababu unakupa dakika za kukimbia. Sasa niambie, dakika hizo unakimbilia wapi? Jengo gani, ghorofa ya ngapi, mlango wake unafunguliwa na nani saa nane za usiku?

Usiseme Baba anasoma mambo ya kutisha. Wajapani wenyewe ndio wanaosema. Serikali yao mwezi Machi mwaka huu imetoa makadirio ya tetemeko la mfereji wa Nankai, ule unaopita chini ya bahari mbele ya mkoa wenu: likija kwa ubaya wake wote, vifo vinaweza kufika 298,000, na wengi wataondoka na maji. Nafasi ya kutokea ndani ya miaka 30 mwanzoni mwa 2025 waliiweka kwenye karibu asilimia 80. Hapo hapo wanasema watu wakikimbia mapema idadi hiyo inashuka sana. Mimi nimeshika hilo la pili, ndilo linalonifanya niandike.

Na kuna jambo nilimsikia mtaalamu mmoja akilieleza redioni mwaka jana, Agosti, walipotoa ile tahadhari ya wiki nzima baada ya tetemeko la Hyuganada, bahari ya kusini-magharibi mwa Japani. Mwaka 1854 mfereji huo ulipiga mara mbili. Likaja la kwanza upande wenu, watu wakahesabu wafu wao, na kesho yake likaja la pili upande wa magharibi. Mwaka 1944 lilipiga tena, na 1946 likafuata lingine. Kwa hiyo mama, ukishapanda juu, usishuke kwa sababu maji yamerudi. Usirudi kiwandani kuchukua pochi. Usirudi kwa baiskeli. Kaa hapo mpaka wenyewe watakapoondoa onyo, hata kama ni kulala na njaa. Hata sisi 2004 maji yalitoka Sumatra yakavuka bahari nzima yakachukua watu waliokuwa wanaogelea Dar es Salaam, na hapakuwa na wa kuwaambia watoke.

Msimamizi wako kama anaongea haraka humwelewi, muulize yule mama wa Kibrazili mnayepangwa naye zamu. Ameishi hapo miaka, atakuwa amefanya mazoezi ya kukimbia mara nyingi. Aibu ya kuuliza uiache.

Mume wako pia alinitajia ile namba 171, kwamba mitandao ikizidiwa unapiga unaacha sauti yako, na mwenzako anapiga kuisikiliza. Kumbe tarehe 1 na tarehe 15 za kila mwezi wanaruhusu watu kuijaribu. Basi jaribuni. Wewe mmoja uache maneno, yeye ayasikilize, halafu mniambie imewezekana.

Kuhusu safari zenu. Nilisema maneno makali kwenye simu kuhusu pesa, na mama yako ameshanisema vya kutosha, hatutarudia. Ukweli ni kwamba ile safari ya mwezi wa nne imenipa raha kuliko kitu chochote mlichowahi kunitumia. Kutoka Hamamatsu mpaka Hiroshima kwa treni za kawaida tu, mnabadilisha Toyohashi, mnabadilisha Ogaki, mnabadilisha Maibara, kwa tiketi moja ya siku tano ya yen 12,050! Wazee wenzangu hapa kijiweni hawakuamini. Nimewaonyesha picha za ngome ya Himeji na maua yake wakaniuliza ya maua ya nini, wao wanataka kujua treni ilichelewa dakika ngapi. Nikawaambia binti yangu hakuona haja ya kuandika kwa sababu haikuchelewa. Kama ilichelewa, usiniambie.

Lile treni la kasi mnaweza kupanda bila kuniomba ruhusa. Tangu Oktoba 1964 hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwa treni hilo kuacha njia au kugongana. Wana vipimo pwani, ardhi ikianza tu kutikisika umeme unakatwa na breki zinashika. Kinachoniudhi ni kwamba Nozomi, ile ya haraka kuliko zote, inapita stesheni yenu bila kusimama, kama sisi wa vituo vidogo. Lakini picha zote hizo, Himeji, Miyajima, theluji ya Shirakawa-go, na sijaona hata moja ya kabati lenu likiwa limefungwa ukutani. Vyumba vyao vidogo, kabati likianguka linaanguka juu ya kitanda. Kanunueni vishikizo. Na maji, wanasema lita tatu kwa mtu kwa siku, wekeni ya wiki. Huo ndio ununuzi nisioulalamikia.

Saa zako 28 za kazi kwa wiki usizivuke hata wakikubembeleza. Masomo ya mwenzako na viza yenu vinategemea hilo, si msimamizi.

Kwamba sikuja Dar kukusindikiza, sababu unaijua, na aliyekuwa sababu hiyo sasa ananipigia simu kila Ijumaa kuliko wewe. Basi.

Pesa ya bati imefika. Fundi anataka geji 30, mimi nimesisitiza 28, tumekosana, amerudi. Chumba chako kimeezekwa kwanza. Mdogo wako anamaliza kidato cha nne mwaka huu na sasa anasema naye anataka Japani, anajifunza herufi zao kwenye simu usiku kucha, bando linakwisha na mimi ndiye ninayenunua. Usimpe moyo mpaka matokeo yatoke. Au mpe kidogo.

Mama yako anauliza mchele umeshuka? Ulimwambia kilo tano zimefika yen 4,000 na zaidi, akapiga hesabu kwa shilingi akakaa chini. Anasema serikali yao kama imetoa wa akiba kwa nusu bei, panga foleni mapema, usisubiri uishe ndiyo ulalamike. Kuna asali ya nyuki wadogo ameweka kwa ajili yenu, anatafuta mtu anayekuja huko, chupa mbili, moja ni ya huyo mama wa Kibrazili akishakuonyesha hilo jengo.

Baba yako