Kwa Mama Zawadi: simu tano, ramani moja

Buruburu, Nairobi

Mama Zawadi mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Zawadi na kwa nyanya wetu, Shosho. Umeniuliza utawezaje kuona Zawadi amefika wapi anapotoka chuoni Juja jioni, ilhali yeye ana iPhone, wewe una Tecno, Baba Zawadi ana Samsung, kijana wenu Brian ana Infinix na Shosho ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Tumieni Google Maps, ninyi wanne wenye simu janja. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache tu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha haijazimika kimyakimya baada ya siku tatu, na hilo ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya barua hii.

Find My anayoisifu Zawadi iwekeni kando. Apple wameijengea vifaa vyao wenyewe, na Android haina programu yake. Yeye na rafiki zake wa iPhone wataonana vizuri, lakini Tecno yako haitapata chochote.

WhatsApp mnayo ninyi wanne, na kwa safari moja inatosha. Kwenye Android unafungua mazungumzo, unagusa kile kibanio cha karatasi kando ya sehemu ya kuandikia. Kwenye iPhone ni alama ya kujumlisha. Kisha unagusa sehemu ya mahali, halafu ile ya kushiriki mahali mubashara. Kuna nyingine chini yake ya kutuma mahali ulipo sasa. Hiyo ni kama picha: ukishaituma haisogei tena. Ukichagua ile ya mubashara utaulizwa muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwa safari ya Juja hadi Umoja jioni, Zawadi achague saa 8. Saa 1 ikiisha matatu ikiwa bado imekwama Allsops, anatoweka kwenye ramani na wewe unabaki na wasiwasi usio na sababu. Akifika nyumbani aizime mwenyewe. Tena akutumie wewe binafsi, asiitume kwenye grupu la ukoo, kwa maana kila aliye kwenye grupu ataona anakopita.

Shida ya WhatsApp ni kwamba mtu lazima akumbuke kuiwasha kila safari, na siku yenye haraka ndiyo siku ya kusahau. Google Maps ikishawekwa haimngojei mtu akumbuke. Zawadi afungue Maps, aguse picha yake juu upande wa kulia, aingie palipoandikwa Location sharing, kisha aanze kushiriki na mtu mpya. Muda utakaotokea wenyewe ni mfupi, kwa hiyo aubadilishe achague kuendelea mpaka atakapozima. Halafu achague jina lako, na ahakikishe Gmail iliyo chini ya jina hilo ndiyo iliyo kwenye simu yako. Ujue pia kwamba jambo hili huenda upande mmoja. Yeye akikuonyesha alipo, haina maana kwamba naye anakuona. Kila mmoja wenu arudie hatua hizo kwa kila anayetaka amwone.

Sasa hiyo Gmail. Simu nyingi zinazonunuliwa mjini, muuzaji hufungua akaunti palepale dukani ili kupakua programu, na mwenye simu hajui hata nywila. Fungua Play Store, gusa picha iliyo juu, usome anwani iliyoandikwa. Kama huitambui, weka akaunti yako mwenyewe kabla ya kuanza. Usiifute ya zamani haraka: huenda namba zako za simu zimehifadhiwa ndani yake, na ukiifuta zinaondoka nayo. Zihamishe kwanza. Na msitumie akaunti moja watu wawili, hata kama ni mume na mke. Ramani humfuata mwenye akaunti, kwa hiyo simu mbili zenye Gmail moja huonekana kama mtu mmoja, na hutajua unayemwona ni nani. Vivyo hivyo kwa simu ya zamani iliyobaki droo ya nyumbani ikiwa bado na akaunti ya Brian. Inaweza kuonyesha kwamba yuko nyumbani ilhali yuko kazini Industrial Area. Iondoe akaunti hiyo humo.

Haya, tuje kwenye jambo linaloharibu kila kitu: simu hulala. Skrini ikizimwa, simu huanza kuzima programu zisizotumika ili kuokoa betri, na Maps inaweza kuwa mojawapo. Tecno na Infinix zina ukali wa pekee katika hili. Shika ikoni ya Maps kwa sekunde mbili, ingia kwenye maelezo ya programu. Kwenye ruhusa, sehemu ya mahali, chagua iruhusiwe wakati wote, si wakati wa kuitumia tu, na uwashe kitufe cha mahali hasa. Rudi nyuma, ingia sehemu ya betri, uiondolee vizuizi. Bado Tecno yako ina Phone Master, yenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kujianzisha zenyewe. Maps iwe imewashwa humo. Mwisho, ukifungua orodha ya programu ulizotumia karibuni, ifunge Maps kwa ile alama ya kufuli, ili ukizifuta zote kwa kidole yenyewe isifutwe. Najua una mazoea ya kufuta zote kila baada ya muda ili simu iwe nyepesi. Mazoea hayo peke yake yanatosha kukupoteza kwenye ramani.

Kwa Samsung ya Baba Zawadi, kwenye mipangilio ya betri kuna orodha ya programu zisizolazwa kamwe. Maps iingie humo.

iPhone nayo ina mtego wake. Zawadi aende Settings, Privacy & Security, Location Services, Google Maps, achague Always na awashe Precise Location. Siku kadhaa baadaye simu itamtolea kisanduku chenye ramani ndogo, kikimwambia Maps imekuwa ikifuatilia mahali alipo hata asipoitumia, na kumuuliza kama aendelee kuiruhusu. Mtu mwenye haraka hugusa jibu la kuiruhusu wakati wa kuitumia tu. Tangu hapo haonekani anakopita mpaka afungue Maps kwa mkono wake, na wewe utadhani ni mtandao. Mwambie mapema kisanduku hicho kitakuja na ajibu nini. Pia betri yake ikigeuka rangi ya manjano, ajue simu imeingia hali ya kubana chaji, na kazi nyingi za chinichini zinapunguzwa.

Ukimtafuta kwenye ramani, usitazame picha yake peke yake. Iguse. Utaona kiasi cha chaji kilichobaki kwenye simu yake na muda uliopita tangu ramani ipate habari zake. Tuseme picha iko Roysambu, imeandikwa dakika 38 zilizopita, na chaji ilikuwa asilimia 4. Yaelekea simu imezima, na yeye yuko mbele ya hapo. Ikiwa chaji ni asilimia 70 na dakika ni zilezile 38, basi data imeisha, au ameizima kuokoa bando, au simu imelala. Muda ukiwa wa sasa hivi lakini picha haijasogea tangu ulipotazama mara ya mwisho, huenda ni msongamano wa Thika Road, na yeye ameketi ndani ya gari. Soma muda kwanza, ndipo uamue kama kuna haja ya kupiga simu.

Wakati mwingine utaona duara pana la samawati likiizunguka picha. Maana yake simu haina uhakika, na mtu anaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Mahali palipo wazi GPS hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya jiji mawimbi ya setilaiti hugonga kuta za maghorofa kabla ya kufika kwenye simu, kwa hiyo aliyesimama Tom Mboya Street anaweza kuonekana akiruka hadi River Road na kurudi. Asiulizwe alikuwa akifanya nini huko. Ndani ya jengo simu hutegemea Wi-Fi na milingoti ya mtandao, na mlingoti peke yake unaweza kukosea mamia ya mita.

Kwa upande wa data, kushiriki mahali hakuli bando kubwa, lakini hakuendi bila data kabisa. Bando la siku likiisha njiani, GPS inaendelea kujua alipo, ila haina njia ya kukuambia. Mwekee Zawadi data kidogo zisizo na tarehe ya kuisha, zimkae akiba. Kwenye Android angalieni pia kama mmewasha kiokoa data, na kama mmeiwasha, Maps ipewe ruhusa ya kuendelea.

Kuna jambo moja msilipuuze. Simu iliyo na ramani hii inajua mlipo nyote wanne. Ikinyakuliwa dirishani mwa matatu ikiwa wazi, aliyeinyakua ataona hivyo hivyo. Kila simu iwe na PIN na ijifunge ndani ya sekunde 30. Ikiibwa, tazameni ilipoonekana mwisho, ninyi wengine mzime kushiriki na akaunti hiyo, kisha mwende kituo cha polisi mkachukue namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Msiifuate wenyewe.

Brian ni mtu mzima, kwa hiyo muulize kwanza. Usimwekee kwa siri simu ikiwa mezani. Hata hivyo Google humkumbusha mtu kwa barua pepe kwamba mahali alipo panaonekana, na akigundua hivyo atazima na hatawasha tena. Akitaka kukuonyesha saa za kurudi kutoka kazini usiku peke yake, kubali hilo.

Shosho hataonekana kwenye ramani kwa kabambe, na sioni haja ya kumnunulia simu janja kwa ajili hiyo. Mwekee namba yako kwenye kitufe cha 2 ili akikibonyeza kwa muda iite moja kwa moja, na mkubaliane akupigie akipanda gari na akishuka.

Jumamosi mkiwa wote nyumbani, wekeni mipangilio hiyo simu moja baada ya nyingine. Kisha Brian azime skrini, atie simu mfukoni, atembee hadi stejini, akae huko nusu saa bila kuigusa. Wewe mtazame ukiwa sebuleni. Asiposogea kwenye ramani, rudi kwenye betri ya Infinix yake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Rafiki yako,
Mama Imani