Wambui, tutalala kwako?

Kisumu, Jumapili usiku

Wambui wangu,

Salamu nyingi kama omena wa Dunga. Hujambo? Baba Kamau je, na yule mbuzi mliyeapa kumchinja Desemba? Najua unanidai. Tangu harusi ya Mercy nimekutumia tu zile picha za "asubuhi njema" zenye maua, na hizo hata shangazi yangu huzituma. Leo naandika kwa kirefu kwa sababu nina shida mbili. Moja ni ya kitanda. Ya pili sijui niiite nini.

Ni Tieno. Lile goti tulilodhani aliangukia halikuwa la kuanguka. Sasa ni magoti yote mawili na kifundo cha mkono wa kulia, na daktari anasema ni baridi yabisi ya watoto. Mimi baridi yabisi najua ni ya kina dani, bibi zetu, huyu ana miaka saba! Akasema kiungo cha mtoto kikivimba wiki sita na zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zikakosekana, basi ndiyo hiyo. Jina lake la Kizungu ni refu, na katikati lina neno nililomwuliza maana yake. Akasema maana yake ni kwamba chanzo hakijulikani. Nikamwambia, daktari, hapo hata mimi nilikuwa nimefika bila kusoma.

Tumezunguka, mwenzangu. Kwanza malaria, huku kila kitu huanza na malaria. Halafu "anakua tu, mifupa inanyooka." Halafu selimundu, tukashukuru Mungu hana. Kliniki moja ilipima damu, ikasema haina alama ya baridi yabisi kwa hiyo mtoto ni mzima, tukapewa dawa ya maumivu na risiti. Kumbe watoto wengi wenye ugonjwa huu hawana hiyo alama kwenye damu. Miezi minne nimepaka goti mafuta ya mkaratusi nikiamini risiti.

Asubuhi ndiyo inaniua. Anaamka amekakamaa kama shuka iliyotiwa wanga. Ngazi za ploti anazishuka kwa makalio, moja moja, amekumbatia begi. Namwekea beseni la maji ya moto, anatumbukiza mikono, anafungua na kufunga vidole polepole hadi vikubali. Ikifika saa nne amelegea, na saa kumi ukimkuta akicheza mchezo wa kati na wenzake utasema nakudanganya. Mwalimu wake alisema hivyo hasa: uvivu wa asubuhi. Nilinyamaza, maana ningefungua mdomo tungetafuta shule nyingine.

Macho pia yanapimwa, ungewaza? Ugonjwa huu unaweza kula jicho kimyakimya, bila wekundu, bila maumivu, ndiyo maana hawangoji mtoto alalamike. Aliwekwa kidevu kwenye ile mashine, wakamulika, yako sawa hadi miezi mitatu ijayo. Hilo angalau.

Sasa ile shida isiyo na jina. Ameandikiwa methotrekseti, vidonge vidogo vya manjano, mara moja kwa wiki. Daktari alizungushia neno "wiki" kwa kalamu nyekundu, maana ukimpa kila siku unaweza kumuua. Tukachagua Ijumaa, ili kichefuchefu kikija kimkute nyumbani Jumamosi. Nikaenda kununua. Kijana wa duka la dawa akasoma karatasi, akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, mtoto ana kansa?"

Wambui, boksi liko juu ya kabati, nyuma ya sufuria ya chapati. Ijumaa tatu sasa. Baba Tieno anajua ameanza.

Usinigombeze bado. Daktari alinieleza vizuri: ya kansa ni dozi kubwa mno, hii ni kidogo, ya kutuliza askari wa mwili wanaopiga viungo vya mwenyewe. Damu itapimwa kila baada ya muda, waangalie ini. Nilielewa kila neno. Kisha Ijumaa inafika, nashika kidonge, namwona amelala kifudifudi anachora paka, nakirudisha. Na dawa yenyewe huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kabla ya kuonyesha kazi. Hesabu naijua. Goti nalo linangoja.

Ziko sindano za kisasa, lakini bei nilimwomba airudie nikidhani sikusikia. Tena zinataka friji muda wote, na stima ya huku unaijua. Dawa za prednisoloni, za kutuliza uvimbe, zilimpa mashavu ya puto na ahueni ya siku chache, hawataki azizoee, zinazuia mtoto kukua. Mama mkwe kaja kutoka Bondo na chupa ya mizizi. Nilimshukuru. Iko karibu na lile boksi.

Basi tumepata miadi Nairobi, kwa mtaalamu wa viungo vya watoto. Nchi nzima wanahesabika kwa vidole. Ni Jumatatu ya wiki kesho. Aliyepiga simu kutupangia aliuliza dawa ameanza lini, nikataja tarehe, mdomo ukanikauka. Baba Tieno atatukuta huko na basi la usiku, kwa hiyo swali hilo litarudi yeye akiwepo.

Tieno hawezi kukaa kwenye matatu safari nzima, akikaa saa mbili tu anashuka amekunjika. Nimewaza tutoke Ijumaa, tulale kwako hadi Jumapili. Je, mna nafasi, au wale wa Molo bado wako? Choo chenu bado ni kile cha kuchuchumaa? (Hawezi kuchuchumaa.) Baridi ya huko imepungua, au nibebe blanketi? Na Njeri wenu, si alimeza dawa hii hii miaka mingi? Nywele zilianguka? Kichefuchefu kilimwisha? Wale mapacha aliwapata baada ya kuiacha? Ataudhika nikimwuliza?

Boksi nitalibeba. Ijumaa hiyo, watoto wakishakula, utakaa nami mezani nikimpa?

Njeri akitaka kunipigia, apige baada ya saa nne usiku, Baba Tieno akishalala.

Wako,
Akinyi