Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: nazi, matarumbeta na mfuko wa msiba

Ndugu wanachama wa chama chetu hapa New Orleans, Marekani, shikamooni wazee, na wengine wote hamjambo. Katibu kanikumbusha mara 3 kwenye grupu kwamba taarifa imechelewa, basi hii hapa, ila hesabu za pesa mtazipata kwa mweka hazina mwenyewe maana mimi na tarakimu hatuelewani, mnanijua.

Mwaka umeanza vibaya. Alfajiri ya tarehe 1 Januari mtu aliingiza gari kwenye watu pale Bourbon Street, watu 14 wakauawa, na sisi tunaoishi New Orleans simu kutoka nyumbani zilikuwa hazikatiki, kila mtu anaulizwa uko salama. Kwenye kikao cha dharura wengi mlisema mwaka huu tusikanyage penye mkusanyiko wowote. Mimi mwenyewe nilikubali. Alafu tarehe 6 ikafika, msimu wa kanivali ukafunguliwa kama kawaida, tramu ya barabara ya St. Charles imejaa watu wamevaa vinyago wanapiga ngoma, na kazini keki ya king cake imeshakatwa. Mnaijua sheria, ukikuta mtoto wa plastiki kwenye kipande chako keki inayofuata ni juu yako, na kuna mwanachama alimpata mtoto mwezi wa kwanza mpaka leo keki hatujaiona, anajijua. Tarehe 21 ikaanguka theluji inchi 8 pale eapoti, kitu ambacho hata wazee wa mji huu walikuwa hawajawahi kukiona hivyo, mazoezi ya ngoma yetu yakafa wiki nzima. Super Bowl ya Februari, ile fainali ya mpira wa Kimarekani iliyochezwa hapa mjini, naipita, tiketi hakuna aliyekuwa na uwezo nayo, tuliishia kukaa kwenye foleni za magari tu.

Sasa Mardi Gras. Wageni wa mwaka huu waliuliza ni nini hasa, mimi huwajibu kwa neno letu: ni vunja jungu. Wakatoliki wanakula na kucheza mpaka Jumanne ile ya mwisho, kesho yake ni Jumatano ya Majivu na kwaresma inaanza. Mwaka huu ilikuwa Machi 4, na Ramadhani ikaanza Machi 1, kwa hiyo wenzetu Waislamu walikuwa wameshavunja jungu lao wapo kwenye funga wakati mji mzima unavunja la kwake! Jumapili ya gwaride la Bacchus tulikaa barabarani toka mchana, magharibi ilipoingia tende zikatoka kwenye mfuko, watu wanafuturu huku shanga zinazorushwa kutoka kwenye magari ya gwaride zinawapiga kichwani, na familia ya jirani pale ukingoni walipoelewa kinachoendelea wakaleta maji na machungwa bila hata kuombwa. Kwangu mimi ile ndio ilikuwa siku bora ya mwaka.

Makosa yetu pia niyaseme. Ngazi zile za kukalisha watoto lazima zikae futi 6 kutoka ukingo wa barabara, za kwetu tuliziweka karibu mno tukahamishwa kwa kelele. Gari la mmoja wetu lilivutwa, alipaki St. Charles masaa machache kabla ya gwaride akidhani atawahi kutoka. Na ile siku tuliyouza sambusa na mandazi kando ya njia hatukuwa na kibali, tukaambiwa tufunge virago, tukafunga, sambusa tukazila wenyewe wiki nzima. Hilo kosa ni langu, nilisema "hapa kila mtu anauza" bila kuuliza mtu yeyote. Na shanga jamani, tusirudi nyumbani na magunia ya shanga. Mwaka 2018 Jiji lilitangaza kwamba limetoa pauni 93,000 za shanga kwenye mitaro ya mitaa mitano tu ya St. Charles, alafu mvua ikinyesha tunalalamika maji hayaendi.

Jumanne yenyewe upepo ulikuwa mkali, magwaride ya Zulu, chama cha Weusi wa hapa, na Rex yakaanzishwa mapema na njia ikafupishwa, nusu yenu mlifika mkakuta mikia tu. Waliowahi walipata nazi. Ile nazi ya Zulu wanakukabidhi mkononi, hawarushi kama zamani, ilikuwa inaumiza watu mpaka bima zikawashinda na ikabidi jimbo litunge sheria mwaka 1988. Imepakwa rangi ya dhahabu na kumetameta, na bado mama mmoja wa kwetu akauliza mbuzi iko wapi aikune. Kuna waliokasirika kuona wale watu wanapaka nyuso rangi nyeusi na kuvaa sketi za nyasi chini ya jina la Zulu, wakasema hii ni kututukana Waafrika. Hasira hiyo naielewa, hata Weusi wa hapa wenyewe waliipinga miaka ya 1960, na mimi ile rangi mpaka leo hainikai vizuri. Lakini nilipokaa na mzee mmoja wa mtaa wa Tremé akanieleza chama kilivyoanza mwaka 1909, nilinyamaza. Vyama kama hivi hapa vilikuwa vya kuchangiana, unatoa senti zako kila mwezi, ukiugua unauguzwa, ukifa unazikwa na bendi inakusindikiza. Hiki si ndicho chama chetu?

Ndio maana naandika kirefu hapa, kwa sababu malalamiko makubwa ya mwaka huu, na yameandikwa kwenye grupu tumeyasoma wote, ni kwamba chama kimegeuka cha ngoma na mfuko wa msiba umesahaulika. Mwezi wa tano tulipofiwa na kusafirisha mwili kwenda nyumbani, pesa zilipungua na tukazunguka na kofia, ni kweli. Lakini angalieni waliotoa ni nani. Wengi walikuwa watu tuliokaa nao barabarani Machi, tuliocheza nao French Quarter Fest mwezi wa nne ambayo kuingia ni bure, na wengine watatu tulikutana nao kwenye hema la injili la Jazz Fest, hawajui hata neno moja la Kiswahili. Bila ngoma tungewajulia wapi?

Na kuna lile la second line, wengi tumelifahamu mwaka huu tu. Kwenye maziko bendi inakwenda taratibu na nyimbo za kanisani mpaka makaburini, mwili ukishaachiliwa ndio tarumbeta zinachangamka, wafiwa na bendi mbele, watu wa mtaani nyuma na miavuli na leso. Mzee wetu wa Mombasa alipoona kwa mara ya kwanza alikaa kimya kisha akasema hii ni beni, ile ngoma ya zamani ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi. Babu yake alikuwa mtu wa Arinoti, chama cha beni, wanapiga matarumbeta na kugombana na wapinzani wao Marini kwa mavazi na vyeo vya uongo uongo, na mwenzao akifa wanamzika. Watu wawili wasiojuana, bahari katikati, wamefika pahala pamoja.

Super Sunday ya Wahindi wa Mardi Gras, yaani Weusi wa hapa wanaovaa kama Wahindi Wekundu, tulikwenda wachache, mavazi ya manyoya na shanga wanayashona mwaka mzima, mwaka ukiisha wanaanza jipya, sisi kanga za sare tu tumeshindwa kukubaliana rangi kwa miezi 4. Congo Square tulikwenda na watoto, pale watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma zao, na wenzetu wa Kongo waligoma kuondoka, mmoja alipiga magoti akagusa mawe. Tamasha la Essence la Julai akina mama walikwenda wenyewe na taarifa hawajatuletea. Agosti 29 ilikuwa miaka 20 ya kimbunga Katrina, tuliandamana na wenyeji wa mtaa wa Lower Ninth Ward, kwanza majina ya marehemu yakasomwa, baadae bendi.

Pendekezo langu kwa mkutano ni hili. Mchango wa kila mwezi ubaki uleule ila tusiwe na mifuko miwili inayogombana, uwe mmoja, robo kwa ngoma na robo tatu kwa msiba na ugonjwa, na robo ya ngoma ikibaki iende kwa msiba. Atakayepinga aje na hesabu, asije na maneno ya grupu. Mimi uenyekiti naachia, miaka 4 inatosha, nitagombea nafasi ya ngazi na vibali maana hayo nimeyasomea kwa machungu.

Mardi Gras ya 2026 ni Februari 17, na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku hizohizo, kwa hiyo safari hii vunja jungu zote mbili zinaangukia wiki moja. Anayetaka kupika aandikishe jina kwa katibu kabla ya Januari 6, na yule wa keki aje nayo.