Nitumie picha ya chumba unacholala

Mwanangu,

Assalam alaikum. Hatujambo sote. Babako anakohoa kidogo lakini ni kile kikohozi chake cha kusi, unakijua. Pesa ilifika Jumanne na nimeigawa kama ulivyosema, isipokuwa fungu la shangazi yako. Hilo limekwenda kwa gesi kwanza, nitampa mwisho wa mwezi. Usimwambie.

Nimeandika barua kwa sababu sauti ninazokutumia unazisikiliza huku mikono iko kazini. Nakuuliza mambo matano, wanijibu moja, tena lile jepesi. Binti wa nyumba ya kona anasafiri Alhamisi kuja huko huko Doha na amekubali kubeba bahasha hii pamoja na chupa ya achari. Barua angalau utaisoma umekaa.

Swali langu ni lile lile. Chumba unacholala kikoje?

Picha za Corniche, hapo ufukweni Doha, nimezipokea na nimezipenda. Ile uliyosimama na majahazi nyuma yako, halafu nyuma ya majahazi yale magorofa ya vioo, nimemwonyesha kila aliyeingia humu ndani, hata kijana anayesoma mita ya maji. Babako akasema majahazi yale ni kama yetu, nikamwambia ya kwetu hayana taa za rangi. Umependeza, sikatai. Umesimama kama mtu anayejitegemea, nami nilijisikia vizuri mtaani wiki nzima.

Lakini nina macho. Picha ya kwanza ilikuja siku za Idd. Ya pili, ya soko la Souq Waqif, ikaja kama wiki mbili baadaye. Ya tatu ilikuja mwezi ukienda kwisha, ukaandika "leo tulitoka". Nikaivuta kwa vidole ikawa kubwa, nikatazama mkono ulioshika glasi ya juisi. Hina yako imekolea vile vile, nyeusi tii, na pale karibu na kidole gumba ambapo aliyekupaka aliteleza, pameteleza vile vile kwenye picha zote tatu. Mwanangu, mimi nimefua mashuka ya hoteli kabla yako. Hina haikai mwezi mkononi mwa mtu anayeshinda kwenye sabuni. Ilipasa iwe imebaki madoa ya rangi ya chungwa kwenye kucha. Picha zile ni za siku moja. Ulitoka siku moja, ukapiga nyingi, ukawa unatukatia kidogo kidogo kama sukari ya mgao.

Sikukasirika. Ninachouliza ni, siku nyingine zote uko wapi?

Najua unasema, mama ameanza. Basi sikiliza. Yule msichana wa mtaa wa nyuma amerudi kutoka Riyadh. Sisi wote tulikuwa tukitazama picha zake: zulia jekundu, kochi la nakshi za dhahabu, vikombe vya kahawa juu ya sinia. Kumbe ni sebule ya matajiri wake, alikuwa akijipiga wakitoka. Yeye alikuwa akilala kwenye stoo ya sabuni na mafuta ya kupikia, miguu haikunjuki. Mamake ana picha tele kwenye simu na hakuna hata moja ya mahali mtoto wake alipoweka ubavu. Tulikwenda kumpa pole, tukakaa tu na yule mama, tena sisi ndio tuliokuwa tukimwambia bintiye ameula.

Sisemi wewe uko hivyo. Wewe uko hotelini, una kitambulisho, una wenzako. Nasema sijui.

Redioni walikuwa na kipindi juu ya kazi za huko, nikamwambia nduguyo aandike. Tangu 2021 mshahara wa chini wa Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asiyekupa malazi aongeze 500, asiyekupa chakula aongeze 300. Kwa hivyo kama wanakuhesabia chumba ndani ya malipo yako, basi kiwe chumba kweli. Na pasipoti ikae kwako, sheria yao wenyewe inamkataza mwajiri kuishika. Wamesema pia kazi ya juani ni marufuku kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Babako akasema, huyo yuko ndani, jua linamhusu nini. Babako hajawahi kuingia chumba cha kufulia nguo. Mimi nimeingia. Kunywa maji.

Unashangaa nimejifunzia wapi kusoma picha. Ile picha yetu iliyo juu ya kabati, yenye pazia lililochorwa ndege, ya vibanda vya wapiga picha pale ferry. Unadhani unaijua.

Ilikuwa 1998. Fujo za Likoni, hapa Mombasa, za Agosti 1997 ziliwakimbiza watalii, hoteli zikawa tupu, nasi wa dobi tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Babako alikuwa melini. Barua yake ikaja, anataka picha ya mtoto. Lile gauni la manjano ni la jirani, nililirudisha magharibi ile ile kabla halijapata doa. Saa iliyo mkononi mwangu ni ya mpiga picha, alikuwa nayo ya kuazima watu, imesimama, ukitazama sana utaona ni saa sita kasoro na jua limeshakwenda upande. Na umekatwa magotini kwa sababu nilimwambia akate magotini. Chini ulikuwa pekupeku.

Babako akajibu kwa picha yake ameegemea gari jeupe, bandarini sijui wapi, koti begani. Nikaiweka kwenye fremu. Tukaendelea hivyo, huku maua ya plastiki na kule gari jeupe, mpaka aliporudi. Aliweka begi chini, akatazama juu akaona mbingu kwenye mabati, akaniuliza, mbona hukuniambia? Nikamwuliza, gari liko wapi? Tulicheka sana usiku ule. Wewe ulikuwa umelala.

Ila darasa la kwanza uliingia na miaka minane, na mpaka leo unadhani ni kwa sababu ya umbo lako dogo. Shule wakati ule ilikuwa ya kulipia, ya bure ilikuja 2003. Angejua, angetuma. Alikuwa na akiba, alinionyesha.

Hata si sisi tulioanza. Nyanyako alipigwa picha kwa Parekh, studio ya mjini, kabla ya Uhuru, na ule mkoba aliouweka mapajani kwa madaha yote yale ulikuwa wa studio. Na Lamu alikuwako mpiga picha Omar Said Bakor, akimkata mtu kwenye picha hii na kumpachika kwenye ile, ikatoka picha ya ajabu na watu wakaitundika ukutani. Uongo wa picha haukuja na simu. Tofauti ni kwamba yule aliyepelekewa picha ya Parekh alijua ni Parekh. Pazia analiona, kiti anakijua. Wewe pazia lako ni Doha nzima, mimi nitajuaje?

Sasa tazama ndani ya bahasha. Kuna picha nne, nduguyo amezipiga kwa simu na tumezichapisha mjini. Nyuma nimeandika kwa penseli. Usije ukaandika picha kwa biro, wino unatokeza upande wa pili, ndivyo mamako mdogo alivyopata mstari shavuni siku ya harusi yake. Na usizitie kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi, zinakamata picha, ukibandua inatoka na ngozi. Nilimwambia nduguyo apige kama palivyo. Alitaka kuondoa ndoo, nikamkataza.

Ya kwanza ni babako barazani, amesinzia mdomo wazi, redio tumboni. Utaona amekonda. Ni sukari. Walimpima mwezi wa pili. Dawa anameza, kliniki anakwenda, chai anakunywa kavu na kulalamika. Sikutaka kukwambia kwa simu ukiwa kazini.

Ya pili ni jikoni. Gesi iko pale lakini na jiko la makaa liko pale pembeni, maharagwe yote nayapikia makaa, gesi ni ya chai na ya mgeni. Hii nimeitazama kuliko zote. Ile mbuzi ya nazi, mguu mmoja nduguyo ameufunga kwa mpira wa tairi, mimi naikalia kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuona kwamba ubao wake umelika upande mmoja tu, wa kulia. Nyanyako alikuwa akikaa ameelemea kulia kwa sababu ya nyonga yake. Mimi nyonga zangu ni nzima, na ninakaa vile vile. Nawe ulikuwa ukikaa vile, nikikugombeza ukae sawasawa kama mtoto wa watu. Kumbe ubao ndio unaokukalisha. Nimeikuna nazi miaka yote hii na imebidi picha inionyeshe.

Ndiyo maana naitaka ya kwako. Si kwa upelelezi. Picha ya Corniche inaniambia Corniche ni nzuri, na hilo nililijua. Picha ya kitanda chako nitakaa nayo.

Ya tatu ni ya dirisha la chumba chako kutoka uani. Zile nguo zilizoanikwa huzijui, usishtuke. Ni za mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mpole, halewi, analipa shilingi 4,000 kila tarehe tano. Vitu vyako viko juu ya kabati langu, hakuna kilichoguswa, isipokuwa feni. Ukija likizo atahamia kwa nduguyo, tumeshaelewana. Nilikuwa nakutafutia siku nzuri ya kukwambia.

Ya nne ni mimi kwenye beseni, bila mtandio. Hiyo tazama peke yako.

Basi zamu yako. Kitanda, kabla hujakitandika. Mahali unapoweka viatu. Sahani ya chakula cha usiku kabla hujala. Dirisha kama lipo, na kinachoonekana nje yake, hata kikiwa ni ukuta. Wenzako wasionekane, huko kumpiga mtu picha bila ruhusa yake ni kesi, na hata pasingekuwa na kesi si adabu. Usifagie kwanza. Usizime taa mbovu ukawasha nzuri. Na kama ndani ya nyumba yenu picha zimekatazwa, nitakuamini, basi chukua kalamu unichoree. Ulikuwa ukichora vizuri mpaka ukaambiwa kuchora hakuleti ugali. Sikumbuki ni nani aliyekwambia.

Kikiwa kibaya hatutakwambia rudi kesho. Sisi si watoto. Tutajua tu tunazungumza na mtu aliye wapi. Na mimi nitajua pesa ninayoigawa hapa imetoka kwenye kitanda gani, maana mabati haya mapya ni yako na mvua za mwezi wa tano hazikuingia hata tone, babako alitoka usiku kwenda kuzitazama ndoo zikiwa kavu. Hilo namwambia kila mtu. Wengine wana wana wa kiume watatu na bado wanalala na sufuria chini ya tundu.

Lakini kwa shangazi yako umekosea. Kafiwa na mkwewe na hukumpigia. Ujumbe wa maandishi si rambirambi. Mpigie Ijumaa baada ya swala, atajifanya amenuna, mwache anune kidogo.

Mti wa mwembe wa jirani umeangukia ua wetu, hakuna aliyeumia, tunabishana naye nani alipe seremala. Paka ule wa kijivu umezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo za kupiga pasi. Nduguyo amefanya mtihani wa majaribio, Kiswahili amepata vizuri, hesabu usiniulize.

Achari ni ya maembe na pilipili imezidi, usimpe mtu asiyezoea. Chupa ilikuwa ya asali, nimeifunga kwa mfuko mara mbili, ikivuja haitaifikia barua hii. Nduguyo atakuandikia kisiri kwamba anataka viatu vya michezo namba 41. Mwambie hapana. Akikwambia mimi nimekubali, mwambie hapana vile vile.

Nitumie ile ya kitanda kwanza, hizo nyingine zifuate.

Mimi mamako.